Alisema alikuwa peke yake: Kulisoma upya shairi la Wordsworth juu ya maua ya kando ya ziwa

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mzee aliyesoma shule katika miaka ya ukoloni. Mwombe akutajie shairi la Kiingereza alilolazimishwa kulihifadhi, na usishangae akianza kulighani bila kukwama, macho ameyafumba, shairi la Mwingereza mmoja aliyeyaona maua ya manjano kando ya ziwa. Kisha mwulize ua lenyewe likoje. Aghalabu hapo ndipo maneno yatakapomwishia, kwani dafodili si ua la mwituni mwetu. Halioti Uzaramo wala Unyanyembe, na wengi walioliimba darasani kwa hofu ya fimbo hawakupata kulitia machoni.

Shairi hilo ni la William Wordsworth, aliyezaliwa mwaka 1770 na kufariki mwaka 1850. Lilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1807. Mwenyewe hakulipa jina. Watu ndio waliozoea kuliita Daffodils. Leo lina beti 4 za mishororo sita sita, yaani mishororo 24 tu. Katika dola yote ya Waingereza, kutoka visiwa vya Karibi hadi pwani yetu, watoto walilihifadhi kama vile ni sehemu ya sare ya shule. Mwandishi Jamaica Kincaid, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua, katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990 anatusimulia habari za msichana aliyelisoma shairi hili mbele ya watu akiwa na umri wa miaka 10, akapigiwa makofi. Siku alipokuja kuyaona maua yenyewe ugenini, hakufurahi hata kidogo. Alitamani kuyafyeka yote.

Hasira hiyo ina haki yake, nami sitaki kuipuuza. Lakini aliyefundishwa hivyo hakufundishwa shairi, alifundishwa sauti tupu. Na shairi haliwezi kubebeshwa dhambi za mkaguzi wa shule. Mwaka 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ifutwe, hawakusema kwamba mashairi ya Kiingereza yachomwe moto. Walichotaka ni Afrika iwekwe katikati, na fasihi za wengine zitazamwe kutokea hapo. Basi na tulitazame shairi hili kutokea hapa tulipo, tukiwa na masikio yaliyolelewa na tenzi na mashairi yetu wenyewe. Utaona kwamba masikio hayo ni msaada mkubwa, ingawa katika jambo moja yanaweza kutupoteza.

Kwanza ua lenyewe. Dafodili la mwituni huota kutoka katika kitunguu kilalacho ardhini. Lina majani membamba marefu na shina moja lenye kichwa kilichoinama kidogo, na katikati ya ua hutokeza kitu mfano wa tarumbeta. Huchanua mwezi Machi na Aprili. Tarehe hizo ndizo muhimu, maana Uingereza ya Kaskazini hutoka katika miezi mingi ya baridi, miti ikiwa mitupu na mchana ukiwa mfupi, na ghafla rangi ya manjano hutokeza katika nyasi zilizofifia. Mtu wa nchi isiyo na majira hayo ana haki ya kuuliza makelele yote ni ya nini. Na akumbuke alivyojisikia yeye siku mvua ya kwanza ilipoanguka baada ya kiangazi kirefu, vumbi likatulia na harufu ya ardhi ikapanda. Hapo ameanza kukaribia.

Jambo la pili ni kundi alimotoka mtunzi. Wordsworth ni mmoja wa waasisi wa mkondo ambao wahakiki wetu wengine huuita Urumanti na wengine Ulimbwende. (Wapo wanafunzi wauitao mkondo wa kimapenzi. Jina hilo linapotosha. Katika shairi hili hakuna habari yoyote ya bwana na bibi.) Mwaka 1798 yeye na rafiki yake Samuel Taylor Coleridge walitoa diwani iliyoitwa Lyrical Ballads, na katika utangulizi alioundika kwa toleo la mwaka 1800 Wordsworth alitetea mambo mawili: kwamba ushairi utumie lugha isemwayo na watu hasa, wala si lugha ya kujipamba, na kwamba chimbuko la ushairi ni hisia iliyokwisha kupita, ikakumbukwa baadaye moyo ukiwa umetulia. Naomba ulishike hilo la pili. Shairi letu zima limejengwa juu yake.

Kuhesabu na kupiga

Sisi tunajua mizani. Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954 alitufundisha kwamba mshororo wa shairi una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Kipande cha utenzi nacho kina mizani 8. Sasa zihesabu silabi za mshororo wowote wa shairi la Wordsworth, nawe utakuta zile zile 8, isipokuwa mahali pachache ambapo silabi moja humezwa na jirani yake. Kwa hesabu peke yake, shairi la Mwingereza huyu lingeweza kukaa karibu na Utendi wa Mwana Kupona bila kuonekana mgeni sana.

Lakini hapa ndipo masikio yetu yanapotupoteza. Katika Kiswahili sauti hukazwa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; ukisema kitabu mkazo u hapa, ukisema kitabuni mkazo umehama wenyewe bila kukuuliza. Kwa kuwa mkazo wetu unajulikana uliko, mshairi hana haja ya kuupanga. Yeye huhesabu silabi na kutafuta vina. Kiingereza sivyo kilivyo. Kila neno lina mahali pake pa kukazwa, na ukikosea, neno huharibika au hugeuka jingine, kama vile kwetu barabara ya magari isivyo sawa na barabara ya kusema "sawasawa". Kwa hiyo mshairi wa Kiingereza hahesabu silabi tu, bali huzipanga nzito na nyepesi. Katika shairi hili mpango ni silabi nyepesi ikifuatwa na nzito, na jozi hiyo, ambayo wao huiita kwa jina la Kigiriki aiambi, hurudiwa mara 4 katika mshororo. Mkono hauwezi kukosea: lisome kwa sauti huku ukigonga meza, na kila mshororo utakupa magongo manne. Mwenye mtoto wa sekondari afanye naye hivyo jioni moja kabla ya chakula. Mtoto atacheka, na atakuwa amejifunza zaidi ya alivyojifunza babu yake kwa viboko.

Ukigonga vizuri utagundua jambo ambalo jicho peke yake halilioni. Katika mshororo wa mwisho wa ubeti wa kwanza, na tena katika mshororo wa mwisho wa ubeti wa pili, mapigo yanavurugika. Mshororo unaanza na silabi nzito badala ya nyepesi, kama mpiga ngoma aliyewahi kabla ya wenzake. Ni mishororo gani hiyo? Ni ile ambamo maua yanatikisika: katika wa kwanza yanapepea, katika wa pili yanarusha vichwa. Mtunzi hakutuambia tu kwamba maua yanaruka. Aliuacha mshororo wenyewe uruke. Lakini katika mshororo wa mwisho wa shairi zima, ambapo mwenye kucheza ni moyo wa mtu, mapigo yametulia, moja baada ya jingine. Sijui maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya furaha ya kuona na furaha ya kukumbuka.

Vina sina haja ya kukaa navyo sana. Mshororo wa kwanza unapatana na wa tatu, wa pili na wa nne, halafu miwili ya mwisho inapatana yenyewe kwa yenyewe. Kwa sikio lililozoea kituo cha shairi letu, hiyo miwili hufanya kazi karibu ile ile: hufunga mlango wa ubeti.

Wingu, umati, nyota

Tuje kwenye taswira. Msemaji anaanza kwa kujifananisha na wingu. Tashibiha hii wanafunzi huipita haraka mno, wakiandika kwamba inaonyesha upweke, basi. Itazame vizuri. Wingu li juu, halimgusi mtu wala haliguswi na mtu, huona mabonde na vilima kwa mbali na haliendi mahali popote kwa hiari yake. Upepo ndio unaoliendesha. Mtu huyu basi hatembei, anaelea. Hana huzuni hasa, ila hayupo.

Halafu anayaona maua, na hapo maneno yanabadilika ghafla. Maua anayaita kwa maneno ya watu: umati, jeshi. Anayahesabu kwa jicho moja kuwa ni elfu kumi. Yanacheza ngoma, yana vichwa, yana furaha. Walimu wetu huiita mbinu hiyo tashihisi, na ni sawa, lakini jina la mbinu si maana ya mbinu. Maana yake ni hii: aliyekuwa kitu kisicho na uhai angani amekutana na vitu visivyo watu ardhini, navyo vina utu kuliko yeye. Ni maua yanayomkaribisha katika jamii. Mwenyewe anakiri kwamba mshairi hawezi kukosa kuchangamka akiwa katika ushirika wa namna hiyo.

Ubeti wa pili, ambao unayafananisha maua na nyota zilizotandaa katika ule ukanda mweupe wa usiku usio na mwezi, haukuwamo mwaka 1807. Shairi lilichapwa likiwa na beti 3. Huo wa nyota aliuongeza katika toleo la mwaka 1815, na wakati huo huo akabadilisha baadhi ya maneno, likiwamo neno la ubeti wa kwanza lililosema maua yanacheza, ambalo aliliweka la rangi ya dhahabu. Kwa maoni yangu alifanya vyema. Kuongeza nyota kumempandisha msomaji tena mbinguni, alikoanzia wingu, lakini safari hii mbingu imejaa. Na jihadhari na neno la kucheza: hata baada ya mageuzi hayo limo katika kila ubeti. Kwanza maua yanacheza, kisha yanacheza tena, kisha mawimbi ya ziwa yanacheza karibu nayo, na mwisho kabisa moyo.

Jambo jingine ambalo wengi hawalioni ni neno la biashara lililojificha mwishoni mwa ubeti wa tatu. Msemaji alikodoa macho, akakodoa tena, asijue kwamba tamasha lile lilikuwa limemletea utajiri. Utajiri gani? Hakuokota kitu. Jibu linacheleweshwa hadi ubeti wa nne.

Aliyekuwa ubavuni mwake

Sasa nakuomba, msomaji, uweke shairi kando kidogo, maana lipo andiko jingine. Alhamisi tarehe 15 Aprili 1802, William Wordsworth alikuwa akirudi nyumbani Grasmere kwa miguu kutoka Eusemere, katika nyumba ya rafiki yao Thomas Clarkson, yule yule aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigania biashara ya watumwa ipigwe marufuku, jambo ambalo Bunge la Uingereza lililipitisha mwaka 1807. Mwaka wa sheria hiyo na mwaka wa shairi letu ni mmoja, kwa bahati tu ya kalenda. William alikuwa na umri wa miaka 32. Alikuwa peke yake?

La hasha. Alikuwa na dada yake, Dorothy, mwenye umri wa miaka 30. Walikuwa yatima hao. Mama yao alifariki mwaka 1778 na baba mwaka 1783, na Dorothy alilelewa kwa jamaa, mbali na kaka zake, kwa miaka mingi. Tangu mwisho wa mwaka 1799 walikuwa wakiishi nyumba moja. Na Dorothy alikuwa akiandika shajara. Haikuwa ya kuchapwa. Ilikuwa ya nyumbani, na ilikuja kutolewa kwa mapana mwaka 1897, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa.

Katika shajara ya siku hiyo Dorothy anasema upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba walifikiri kurudi walikotoka. Walipopita msitu wa karibu na Glencoyne, kando ya ziwa la Ullswater, waliona dafodili chache karibu na maji, wakadhani ziwa limezitupa mbegu ufukweni. Walivyoendelea mbele yakawa mengi zaidi na zaidi, hata wakaona ukanda mrefu wa maua umefuata ufuko, upana wake kama barabara. Mengine yalikuwa yanacheza na kuyumba kama yanayocheka na upepo. Na mengine, asema Dorothy, yalilaza vichwa juu ya mawe yenye kuvu, kana kwamba yamechoka na mawe ndiyo mito yao.

Shairi lilitungwa yapata miaka miwili baadaye, mwaka 1804. Linganisha. Upepo mkali umekuwa upepo mwanana. Maua yaliyochoka hayamo, hata moja. Ngoma imo, na tazama ilikotoka. Na watu wawili wamekuwa mtu mmoja, ambaye neno lake la kwanza kabisa juu ya hali yake ni kwamba hakuwa na mwenzi.

Je, alidanganya? Wapo wanaomtetea wakisema kwamba mshairi si shahidi mahakamani, na kwamba wingu mawili yasingefanya tashibiha. Nakubali. Shairi lilihitaji mtu mtupu ili maua yamjaze, na mtu anayetembea na dada yake ampendaye si mtupu. Ila utetezi huo hauondoi deni. Ninaposoma kuhusu yale maua yaliyolaza vichwa mawenimwe, naona kwamba jicho lililokuwa kali zaidi siku ile lilikuwa la Dorothy. William aliona wingi. Dorothy aliona mmoja mmoja, hata aliyechoka.

Wala deni haliishii hapo. Oktoba ya mwaka ule ule wa 1802 William alimwoa Mary Hutchinson, na shairi lilipotungwa walikuwa wote watatu katika nyumba ile ndogo, pamoja na mtoto mchanga aliyezaliwa mwaka 1803. Uzeeni, mwaka 1843, Wordsworth alisimulia maelezo ya mashairi yake ili yaandikwe, na akasema wazi kwamba mishororo miwili iliyo bora kabisa katika shairi hili ilitungwa na mkewe. Ni wa tatu na wa nne wa ubeti wa mwisho: ile inayosema kwamba maua humulika mbele ya jicho la ndani, na kwamba jicho hilo ndilo raha ya kuwa peke yako. Fikiri jambo hilo. Sifa kuu ya upweke katika ushairi wa Kiingereza aliitunga mwanamke mwenye mtoto mdogo, katika nyumba iliyojaa watu.

Hapo ndipo maana ya shairi ilipo, na ndiyo sababu ubeti wa nne unahama kutoka wakati uliopita kwenda wakati wa mazoea. Msemaji haelei tena. Amejilaza kwenye kochi, hana analofikiri au ana mawazo mazito, na maua yanamjia bila kuitwa. Huo ndio utajiri aliokuwa hajaujua pale ziwani. Furaha ya siku ile ilikuwa kama mbegu ya akiba. Coleridge, rafiki yake mwenyewe, hakuridhika; katika kitabu chake Biographia Literaria cha mwaka 1817 aliitaja mishororo ile ile miwili kuwa mfano wa wazo kubwa mno kwa jambo dogo. Jicho la ndani, alihoji, lingepaswa kuhifadhi mambo mazito, matendo mema ya maisha mazima, si maua ya barabarani. Ni hoja ya mwenye akili, lakini nadhani Mary alijua zaidi. Linalorudi lenyewe wakati umejilaza ni nadra kuwa lile ulilolipanga kulikumbuka.

Dorothy aliugua vibaya mwaka 1829, na kuanzia mwaka 1835 akili yake nayo ilidhoofika. William na Mary walimtunza nyumbani mwao Rydal, naye akaishi zaidi ya kaka yake, hadi mwaka 1855. Mwaka 1832, akiwa amelazwa kitandani, rafiki zake walimletea chumbani maua ya kwanza ya majira ya kuchipua, naye akatunga shairi. Anasema humo kwamba maua hayo yalimwamshia nguvu ambayo hakuwahi kuihisi, ikamtoa kitandani kwa kumbukumbu na kumrudisha vilimani, na kwamba chumba kile cha upweke hakikuwa gereza.